Mama wa Mjomba Wake

Meza yetu ya kulia hapa New Hope, Minnesota, ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye ramani ya dunia. Nilikinunua duka la mitumba binti yetu alipokuwa ameanza shule, nikidhani atajifunza nchi huku akila. Alichojifunza ni kumwaga uji juu ya Australia. Aliyejifunza ni babake. Mume wangu ni Mtanzania aliyekuja huku kusoma akabaki, sasa ni mhasibu kwenye ofisi moja kubwa ya Golden Valley, na kama kuna mtu aliyezaliwa awe waziri wa mambo ya nje akakosea mlango, ni yeye.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alipanga vyombo juu ya ramani ile. Chupa ya chai ilikuwa Amerika. Kopo la sukari lilikuwa Uchina. Chumvi ilikuwa Urusi, na pilipili, kikopo kidogo chekundu, Korea Kaskazini. Vikombe vilikuwa wale wasiotulia: India, Uturuki, Pakistan, Saudia, na wengine niliowasahau kwa sababu nilikuwa nawaosha. "Angalia, mke wangu," alikuwa akisema kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "huyu jana alikuwa anakaa huku. Leo amesogea huku. Mashariki inajipanga upya na watu wamelala." Nikitaka sukari naambiwa ningoje kidogo, Uchina ina mazungumzo. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini, hospitali moja ya Coon Rapids ambako mimi ni nesi, miguu imevimba, na natakiwa nisikitike kwa sababu Uturuki imenunua makombora kwa mtu asiyefaa.

Alipenda sana kumalizia kwa ile methali ya fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nilimwitikia kama mtu anavyoitikia mahubiri. Sikuwahi kufikiria kwamba nyasi zina shina na zina jina la nyumbani.

Inabidi nieleze kuhusu jina, kwa sababu kila kitu kilitoka huko.

Kwetu, kijijini Kenya, mtoto hatafutiwi jina. Jina humngoja. Msichana wa kwanza humzaa upya mama wa mume, wa pili humzaa mama wa mke, na mambo huendelea hivyo kwa utaratibu ambao hata mlevi haukosei. Mungu alinipa binti mmoja tu. Kwa haki alikuwa wa mama mkwe wangu kule Moshi, lakini mume wangu akasema kwao majina hayapangi foleni, nichague mwenyewe. Nikampa la mama yangu haraka kabla hajabadili mawazo. Na kwetu anayebeba jina lako si ukumbusho wako. Ni wewe. Mama yangu aliposikia simuni kwamba amezaliwa Minnesota, kwenye baridi, alicheka akasema, "Na nimezaliwa uzunguni bila nauli."

Ndugu yangu mdogo, kitindamimba wa nyumba yetu, wakati huo alikuwa mvulana wa shule ya msingi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Harufu ya kichwa chake naijua kuliko ya mwanangu mwenyewe. Alipoambiwa dada yako amejifungua, na mtoto amepewa jina la mama, akaitaka simu. Akasema, "Basi mwekeni mama niongee naye." Tangu siku hiyo hakumwita binti yangu kwa jina lingine. Alikuwa mama yake.

Tulipokwenda nyumbani mara ya kwanza, mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele, yule kijana mrefu alipiga magoti mbele yake uani akaomba hela ya chipsi. "Mama, mwanao ana njaa." Mama yangu akamnong'oneza mtoto sikioni la kujibu, na mtoto, kwa lafudhi ya Kimarekani, akasema, "Mwanangu, umekula?" Watu walicheka mpaka jirani akaja kuona. Ukawa ndio mchezo wao. Binti yangu alikua huku akisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, ukimwambia leta kijiko anakuletea huku akisema "okay". Lakini simu ya mjomba ikiingia, kabla ya salamu yoyote, alisema kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, umekula?" Naye anajibu, "Bado, mama." Hata kama amemaliza sahani mbili sasa hivi. Walicheza hivyo hadi yeye akawa mwanamume mwenye ndevu na binti akawa mrefu kuliko mimi.

Binti alipomaliza sekondari alijiunga na jeshi. Nililia, nikanuna, nikafunga na kuomba, haikusaidia. Alitaka jeshi limlipie chuo, na nadhani alitaka pia kutoka New Hope, ambako maisha ni maegesho ya magari na theluji iliyochafuka. Wakamfundisha kutengeneza malori. Baadaye wakampeleka Korea Kusini.

Jumapili hiyo mume wangu hakutoa hotuba. Alichukua kijiko kidogo cha chai akakilaza juu ya ile ncha ya nchi, karibu kabisa na kikopo cha pilipili. "Mtoto yuko hapa," akasema. Tulikiangalia kijiko hicho mpaka chai ikapoa.

Ndugu yangu naye alikuwa fundi wa umeme Nairobi, fundi mzuri, lakini kazi zilikuwa zimekauka. Aliomba viza ya kuja kwetu, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa na mtu ambaye, alivyoniambia, hakuinua hata macho. Nchi yetu na Amerika zilikuwa marafiki wakubwa wakati huo, viongozi wanakumbatiana kwenye televisheni, na mume wangu akasogeza kikombe cha Kenya karibu na chupa ya chai. Urafiki huo haukufika kwenye dirisha la viza. Mlango wa Amerika ulibaki umefungwa, na wa Urusi ukafunguliwa na ajenti mwenye suti aliyesema kuna kazi ya umeme kiwandani, tiketi juu yao.

Nilimwambia angoje. Akaniambia, "Dada, nimengoja mpaka kungoja kwenyewe kumenichoka." Binti yangu akampigia kutoka Korea kumuaga. "Mwanangu, umekula?" "Bado, mama. Naenda kutafuta chakula." Wakacheka.

Ujumbe wake wa kwanza kutoka huko ulinikuta kwenye maegesho ya hospitali, nimekaa garini nangoja kioo kiyeyuke barafu. "Dada, kazi imebadilika kidogo." Mkataba ulikuwa kwa lugha yao. Wenzake walitia sahihi, naye akatia. Chini yake kulikuwa na picha. Alikuwa amevaa magwanda, ameshika kofia ya chuma kwapani kama mpira, anatabasamu kwa mdomo peke yake. Magwanda hayo niliyajua, nilikuwa nimeyaona kwenye taarifa za vita vya Ukraine mara nyingi tu huku nikipiga pasi. Niliingia wodini nikafanya kazi zamu nzima. Sijui nilifanyaje.

Tulijaribu kila kitu. Tulipiga simu ubalozini, tukapiga wizarani Nairobi, tukamtafuta yule ajenti mwenye suti, ambaye ofisi yake ilikuwa imegeuka duka la vipodozi. Kila tuliyempigia alisema pole na akatupa namba ya mwingine. Mama yangu kijijini aliambiwa na wanawe wengine kwamba kijana amepata kazi ya ulinzi. Mama si mtoto. "Analinda nini," aliuliza, "na nani anakuja kukichukua?"

Kisha ikaja ile habari kwamba Korea Kaskazini imepeleka wanajeshi wake kusaidia Urusi. Mume wangu, nakumbuka vizuri, alisimama na kikopo cha pilipili mkononi, akakivusha meza nzima, kutoka kando ya kile kijiko cha binti yetu mpaka karibu na chumvi. Alikuwa na ile furaha ndogo ya mtu aliyetabiri. "Umeona? Nilisema. Hawa sasa wamefunga ndoa." Simu yangu ikalia pale pale mezani. Ilikuwa sauti ya ndugu yangu, na upepo nyuma yake.

"Dada, mwambie mama nimekutana na majirani zake. Tuko nao hapa, wale wa Korea ya juu. Hawaongei na mtu. Mmoja alinipa sigara, na mimi sivuti, nikaiweka mfukoni kwa heshima."

Mume wangu alibaki ameshika pilipili hewani. Niliona anatafuta mahali pa kuiweka na hapaoni. Binti yetu alikuwa ameapa chini ya bendera ya Amerika kuwakabili watu ambao ndugu yangu analala nao handaki moja. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiangalia mikono ya wakubwa ikisogeza vikombe, kumbe vikombe vyenyewe ni watoto wa nyumba moja. Nilimwambia aondoe vyombo. Nikakunja dunia nzima, na makombo yake ndani, nikaitia kabatini nyuma ya mashine ya kufagilia. Hakubisha. Tangu siku hiyo tunakula juu ya mbao tupu.

Binti aliposikia hakunipigia siku hiyo. Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu mzima nisiyemjua. Alikuwa amekwenda kwa wakubwa wake kuwaeleza, kwa sababu ndivyo sheria yao ilivyo. Mtu wako akiwa kwenye jeshi la wengine, husemi kesho. Walimuuliza maswali, wakamwandika, wakamwambia awe mwangalifu.

"Mom, siwezi kum-text tena," akasema. "Chochote nikituma, mtu anasoma. Huku ama kule. I can't."

"Hata kumuuliza kama amekula?"

"Hata hiyo."

Sikumlaumu na simlaumu leo. Alikuwa na kiapo chake, na alikuwa na miaka ambayo mtu bado anaamini kwamba ukifuata sheria mambo yatakaa sawa. Hakumfungia mjomba wake, lakini aliacha kumjibu. Naye mjomba akaendelea kutuma, hakuwa mtu wa kukasirika. Alituma picha ya paka wa handakini. Alituma wimbo wa shule ya Jumapili, anauimba kwa pua kwa sababu ana mafua. Kila ujumbe ulianza, "Mama, ni mimi mwanao." Binti alizisikiliza zote bila kujibu, akazihifadhi.

Ule wa mwisho binti alinitumia mimi bila kuongeza neno lolote. Nilikuwa jikoni asubuhi nimetoka zamu, sijavua hata viatu. Upepo, kwanza. Kisha ndugu yangu: "Mama. Ni mimi. Siku hizi huniulizi kama nimekula." Akacheka kidogo, si kicheko cha kulaumu, ni cha mtu anayemtania mamake. Kisha ikakatika.

Nimezisikia sauti nyingi za watu wanaoelekea kufa, ndiyo kazi yangu. Ile haikuwa mojawapo. Ilikuwa sauti ya kijana mwenye njaa.

Kimya kikafuata. Halafu akarudi Nairobi kijana mmoja Mkenya aliyekuwa kikosi kimoja naye, amerudishwa baada ya kuumizwa mguu. Kwa adabu yake Mungu ambariki, hakupiga simu. Alisafiri kwa basi na magongo yake hadi kwa mama yangu, akaketi sebuleni, akasema. Ndugu yangu alitoka asubuhi na wenzake kubeba risasi kupeleka mbele. Droni zikaja. Waliobaki hawakuweza kwenda kuwachukua, wala wengine waliofuata, na mahali penyewe pakaangukia mikononi mwa upande wa pili. Mama yangu alimuuliza, "Ulimwona amekufa?" Kijana akajibu, "Mama, sikumwona akiinuka."

Huku kwetu watu walikuja, maana Wakenya wa Minnesota hawajui kumwacha mtu na habari mbaya peke yake. Viatu vilijaa mlangoni. Walileta chapati, walileta pilau kwenye masufuria ya alumini, walileta chupa za chai hadi nikakosa pa kuziweka. Lakini hawakujua ni matanga au siyo matanga. Mwingine alisema pole kwa msiba, mkewe akamkanyaga mguu. Mchungaji wetu alisimama kuomba, akamwomba Mungu amrudishe kijana wetu salama popote alipo, kisha akamwomba ampumzishe kwa amani. Aliomba pande zote mbili kwa pumzi moja, akaketi akifuta jasho kwenye nyumba ambayo haikuwa na joto. Namheshimu sana kwa ombi hilo. Ndilo pekee lililofanana na moyo wangu.

Kazini sikuwa nimesema kitu. Tulikuwa na nesi mwenzetu kutoka Ukraine, mama wa makamo, mtu wa mikono mizuri kwa wagonjwa, mwenye bendera ndogo ya kwao iliyobanwa kwenye kitambulisho. Tulikuwa tukila pamoja kwa miaka. Nilimjua mpwa wake kwa picha. Alikuwa mstari wa mbele, upande wa kwao. Siku moja alinikuta chumba cha chakula nalia juu ya wali, akanikumbatia, akaniuliza nani. Nikamwambia ndugu yangu, vitani. Akaniuliza vita gani. Ningeweza kudanganya. Afrika haikosi vita ya kusingizia. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia kweli.

Mikono yake ilibaki begani mwangu kidogo, kisha akaiondoa polepole, jinsi unavyoiondoa kwa mgonjwa aliyelala. Alisema kwa Kiingereza chake, "Samahani kwa mama yako." Hakusema samahani kwa ndugu yako. Tangu siku hiyo tunapokezana wagonjwa vizuri, kwa heshima zote, na anakula meza nyingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu mzigo wangu aliujua uzito wake kilo kwa kilo. Mpwa wake bado yuko hai. Huwa naomba aendelee kuwa hai, ingawa siwezi kumwambia.

Nyumbani, wazee wa ukoo walimjia mama. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba likazikwa mahali pake, likiwa limevishwa nguo yake, ili roho isizunguke na ili walio hai waweze kulala. Mama aliwakatalia. "Nilizaa mtu," akawaambia. "Sikuzaa mgomba." Wakaja tena, akakataa tena. Mimi nilikuwa upande wake. Nilimwambia simuni asikubali, watu huonekana, watu hukutwa wametekwa, watu hurudi. Ndugu zangu wa kule waliniambia ni rahisi kusema ukiwa Amerika. Hawakukosea, maana wao ndio waliokuwa wakimsikia usiku.

Mvua za masika zilikuja zikaenda. Wizara haikusema lolote jipya. Kwenye televisheni viongozi wa pande zote walisafiri, wakashikana mikono, na wale wa Urusi, Uchina na Korea Kaskazini wakapanga gwaride moja refu huko Asia, wamesimama pamoja jukwaani wakitazama makombora yakipita kama maharusi. Mume wangu alizima. Alikaa akiangalia kioo cheusi. Kisha akasema, "Sijui nilikuwa naona raha gani." Nilimmiminia chai.

Halafu mama akanipigia mwenyewe, jambo asilolifanya, yeye huona simu ya kimataifa ni kazi ya watoto.

"Mwambie mumeo na kaka zako nimekubali," akasema.

"Mama, kwa nini sasa?"

"Nimechoka kumwekea sahani." Kumbe kila jioni alikuwa akipakua chakula chake na kukifunika, kama alivyofanya alipokuwa kijana wa kuchelewa. "Kinalala pale. Asubuhi nampa mbwa wa jirani. Mbwa amenona, mwanangu bado."

Alikuwa na sharti moja. Mwenye jina lake awepo. Nikamweleza kwamba yuko Korea, ni jeshi, si mahali pa kuomba ruhusa ukapanda gari. Akasema basi awepo kwenye simu, si ndivyo mnavyooana na kubatizana siku hizi.

Binti aliomba saa moja tu ya kuwa peke yake, siku ya Jumamosi jioni. Aliniambia baadaye kwamba sajenti wake, mtu mwema, alimuuliza aliyefariki ni nani wako. "Nikamwambia, my uncle. Akasema sorry, chukua muda. Then nikatoka nje, Mom, na nikahisi nimedanganya."

Kwake ilikuwa jioni, nyumbani mchana, kwetu asubuhi. Tuliketi mezani, mimi na mume wangu, tumevaa nguo za kanisani bila mtu wa kutuona. Yeye aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, ambayo siku hiyo ilikuwa chupa tu. Kioo kiligawanyika mara tatu: sisi, uani kwa mama, na binti yangu kwenye kitanda chake cha kambini, amevaa sweta la kijivu, nywele amezifunga nyuma kama mama anavyozifunga.

Walikuwa wamekata mgomba uliopandwa na ndugu yangu mwenyewe nyuma ya jiko. Wameuvisha shati lake la kazi, la bluu, lenye doa la grisi ambalo mama hakulitoa miaka yote. Uliposhushwa kwenye jeneza nilitaka kucheka, naapa, kwa sababu ulikuwa mgomba umevaa shati. Kisha nikaona mkono wa shati umelala mtupu kando, na mtu, sijui nani, akauinua akauweka kifuani vizuri. Hapo nikavunjika. Mume wangu alinishika shingo kwa nyuma asiachie.

Mzee wa ukoo akasema mama wa mtoto aseme neno na mwanawe kabla ya udongo. Mama alisimama pale ukingoni na leso yake. Upepo ulikuwa unaipiga simu. Alifungua mdomo, akaufunga. Watu wakangoja. Kisha akageuka, akanyoosha mkono kwa aliyeshika simu, akasema, "Leteni huyo mwenye jina langu. Yeye ndiye aliyezoea kuongea naye."

Wakaisogeza simu mpaka juu ya kaburi. Kwenye kile kipande chake cha kioo, niliona binti yangu akiona shati.

"Mom," akaniambia, ananong'ona, "what do I say? Wanasema nini?"

Nilikuwa najua wanasema nini. Kuna maneno, nimeyasikia tangu utotoni. Hayakutoka. Mume wangu naye, Kiswahili chote hicho, hakutoa hata moja. Binti alitungoja akaona hatuna kitu. Akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akainama karibu na simu yake, na kwa ile sauti ya mtoto mwenye pengo, akasema:

"Mwanangu, umekula?"

Uani hata waliokuwa wakilia waliacha. Wote pale waliujua mchezo ule, waliucheka kwa miaka mingi, na wote walijua jibu lake, na mwenye kulijibu hayupo. Binti alingoja. Nilimwona anangoja kabisa, macho kwenye lile shati, kama simu iliyokawia kidogo tu.

Mama yangu ndiye aliyepiga magoti. Alichota udongo, akaushika mkononi bila kuutupa, akainua uso kwenye simu.

"Amekula, mama," akasema. "Nimempakulia mwenyewe. Amekula ameshiba. Mwache sasa alale."

Kisha akafungua mkono juu ya jeneza, na wanaume wakachukua majembe.